Sato wa Mama na Salamu za Mume Wangu

Mume wangu hajui kumpita mtu. Tukienda sokoni Ibra, mji wetu huku Oman, kununua nyanya, nyanya hulainika mkononi huku yeye akiulizia hali za watu ambao hata majina yao hayakumbuki. Akikutana na mtu wa kumpendeza zaidi, humleta nyumbani bila taarifa, na mimi nikikunja uso hunitupia "mgeni njoo mwenyeji apone." Huwa namjibu kwamba mwenyeji anayepona ni yule asiyekosha vyombo. Nilidhani nimeshaizoea tabia hiyo, mpaka baridi ilipoanza kuingia mwaka ule na mama yangu akakataa kula.

Mama alikuwa ametoka hospitali. Ugonjwa ulikwisha, lakini hamu ya chakula haikurudi. Nilimpikia uji, supu ya kuku, harisa ya ngano na nyama, laini ya kumeza bila kutafuna. Alionja kwa ncha ya kijiko, akasema "Alhamdulillahi, nimeshiba," akageukia ukutani. Daktari hakuficha: akirudi kliniki akiwa bado anapungua, atalazwa na kulishwa kwa mpira wa puani. Mama naye akasema hauvuki tena mlango ule, bora afe kitandani kwake. Kwa hiyo nilikuwa na kazi moja tu duniani, mama ale, na nilikuwa siiwezi.

Siku moja akasema mwenyewe, "Ningepata sato, mbichi, wa leo leo, labda ningekula."

Mama alizaliwa Mwanza, baba yake akiwa na duka huko, na ingawa ameishi Oman tangu usichana wake, bado anaamini samaki wa kweli hutoka ziwani. Mume wangu ni mtu wa Unguja, na kwake samaki wa ziwani ni tope lenye miba. Wanabishana juu ya jambo hili tangu siku ya posa. Nikakimbilia supamaketi, nikarudi na sato wa barafu, na kwa ujinga wangu nikamwonyesha kabla ya kumpika. Mama akamtazama macho. "Huyu kafa zamani, mwanangu. Mimi bado." Nikamrudisha samaki kwenye friza na kuubamiza mlango.

Ndipo mume wangu alipokumbuka lambo. Liko milimani, ukitoka Ibra kuelekea Sur, na maji yake hayakauki. Lina sato, walioachiwa humo na nani sijui. Tangu astaafu, mume wangu amekuwa akitazama video za wazungu waliovaa makoti mazito wakivua kwenye maziwa yao wakati majani ya miti yameshapukutika, na kwa sababu hiyo amejipa ushekhe wa uvuvi wa baridi.

"Maji yakipoa, samaki huwa mvivu," alinifundisha garini, na mimi sikumwuliza. "Anashuka chini kabisa. Hafukuzii chambo. Umpelekee polepole mpaka mdomoni, na hata hapo anagusa tu, kama nzi. Ukitazama pembeni, basi tena."

Jambo moja hakulisema. Wale wazungu wakishampata samaki wao humpiga picha, wakambusu, wakamrudisha majini. Mimi wangu nilikuwa namtaka chunguni.

Tulifika asubuhi. Upepo ulikuwa unashuka kutoka mlimani, na ukitia mkono majini unautoa upesi. Mume wangu akavua viatu, akakaa juu ya jiwe na ufito wake mpya, akatunga nyungunyungu tuliyemchimba kwenye mitende kando ya falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba, akautupa mshipi na kuushika kwa vidole viwili. Mimi nilikaa nyuma yake na chupa ya kahawa na tende. Tulikaa kimya muda mrefu sana, na kwa mume wangu hiyo ni ibada. Kisha nikaiona ncha ya ufito ikitikisika, kidogo tu.

"Assalaam alaykum," ikasema sauti juu ya ukingo.

Alikuwa mzee mmoja wa pale lambo, na mbuzi wake. Mume wangu akaulaza ufito chini. Akasimama. Akatafuta viatu, akavivaa, maana huwezi kumpa mkono mtu mzima ukiwa umekaa, tena pekupeku. Wakaulizana hali, kisha hali za watoto, kisha mbuzi, kisha mvua. Halafu ikaja ile ya lazima: kuna khabari gani, kuna jipya gani? Na jibu lake la lazima, hakuna khabari, hakuna jipya. Hata kama nyumba yako inaungua nyuma yako, jibu la kwanza ni hilo. Ukweli husubiri mpaka watu wakae na kahawa imiminwe. Kahawa ikamiminwa, yangu. Tulipouvuta mshipi, ndoana ilikuwa tupu, safi kama imeoshwa.

Siku ya pili nilimwonya kabla hatujatoka garini. "Leo husalimiani na mtu."

"Nitainua mkono tu."

"Mkono upi? Yote miwili itakuwa imeshika ufito."

Akacheka. Mimi sikucheka. Usiku uliopita nilikuwa nimemwogesha mama, na nilipomwinua alikuwa mwepesi kiasi cha kunitisha.

Mzee akaja tena, mbuzi mbele, yeye nyuma. Nilipomwona mume wangu anatafuta viatu, nikamnyang'anya ufito. Nikaushika mshipi kama alivyonionyesha, nikaacha kupumua. Na wallahi nilimhisi. Aligusa, akaacha, akagusa tena, huko chini gizani, samaki wa mama yangu.

"Na wewe, ya ummi," mzee akaniita kwa heshima, amesimama mbali, "u hali gani? Watu wa nyumbani wazima?"

Nikageuka. Nikamjibu, "Alhamdulillahi, wazima," kwa sababu na mimi nililelewa, na kwa sababu hilo ndilo jibu hata kama si wazima. Niliporudisha uso, mshipi ulikuwa umelegea. Nilitamani kuutupa ufito katikati ya lambo. Badala yake nikawapa mgongo nikalia kidogo, kwa hasira.

Garini nikamwambia yote. "Mama anakufa njaa na wewe unaulizia afya ya mbuzi."

Aliendesha mpaka barabara kubwa. "Nimemwambia mzee," akasema. "Kwamba mama mgonjwa, hataki kula. Kasema watakuja kumwangalia."

"Lini?"

"Hakusema."

Walikuja alasiri moja, bila simu: mzee, na mkewe aliyevaa barakoa ya Kibedui, na kibuyu cha samli. Mimi, kwa ajili ya uvuvi huo usiovua, sikuwa nimekwenda sokoni. Nikafungua friza, na pale palikuwa na sato wa barafu peke yake, ananitazama. Nikamkaanga, nikamwunga kwa tui na ndimu nyingi, nikapika wali. Mume wangu akala na mzee majilisi, chumba cha wageni wanaume. Kwa sisi wanawake nikatandika mkeka chumbani kwa mama, nikamteremsha mama kutoka kitandani na kumwegemeza mito, kwa adabu tu. Sikutarajia kitu.

"Karibu, bismillahi," mama akamwambia mgeni.

Mgeni akanyoosha mkono, akaona mkono wa mama umelala mapajani, akaurudisha wake. "Mwenye nyumba asipokula, ya ukhti, mimi nitakulaje?"

Wakatazamana. Wali ukawa unapoa. Kisha mama akanawa. Akamega kipande cha sato, akatia mdomoni, akatafuna, akameza. Mgeni akala. Kila mgeni alipopunguza mwendo, mama alimega tena, akimsukumia na yeye upande wenye mnofu.

"Samaki mzuri," mgeni akasema. "Wa wapi?"

"Kavua mkwe wangu, lambo."

Mgeni akasita. "Mume wangu kaniambia mkweo hajapata hata mmoja. Baridi hii samaki hawali."

"Kapata leo," mama akasema, bila kupepesa, akamega tena.

Niliinamisha kichwa, sijui nacheka au nalia. Siku zote hizo nilikuwa nimembembeleza mimi, mwanawe wa kumzaa, kijiko mkononi, na akanigeukia ukuta. Sasa anakula kwa ajili ya mwanamke ambaye jina lake hajaliuliza. Iliniuma, na sifichi.

Walipoondoka nikamrudisha kitandani. "Yule samaki wako wa barafu," akasema amefumba macho, "ndimu umezidisha." Nikamfunika miguu. Nilipofika mlangoni akaniita. "Wale watu watakuja tena?"

Mume wangu nilimkuta barazani, anapanga ndoana zake kwenye kisanduku.

"Kesho nenda lambo," nikamwambia. "Ufito uache."