Baba mkwe alivyonikagua darasani bila kuniona

Wakuu salaam, na akina dada pia. Hiki kisa ni changu mwenyewe, chumvi sijaongeza hata punje.

Vyuo binafsi ndiyo vilikuwa vimeanza kuruhusiwa. Kimoja kikafunguliwa Tukuyu, nikapata kazi ya kufundisha biolojia, kwa majaribio kwanza.

Chama cha wahadhiri kilikuwa na utaratibu mzuri: mwalimu mpya anatembelewa na mhadhiri mzoefu, anakaa nyuma ya darasa, anasikiliza, kisha anakushauri.

Akikupitisha, unaajiriwa. Usipokaguliwa, rudi kijijini kwenu Nkunga ukalime ndizi.

Siku ikafika. Niko ubaoni, mlango ukafunguliwa, nikageuka... baba mkwe!

Nilijua ni mhadhiri wa chuo cha serikali. Kwamba ndiye mjumbe wa chama, hakuna aliyeniambia. Naye alipewa jina langu la kwetu, si la mume.

Kwa wasiojua: kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hamtazamani, hata njiani unachepuka. Na mzee wangu, pamoja na digrii zake zote, mila hiyo aliishika kweli kweli.

Nikachomoka mlango wa nyuma, chaki mkononi. Kumbe naye keshachomoka wa mbele! Wanafunzi wakabaki wanatazamana.

Katibu wa chama, mama mcheshi aliyefuatana naye, akanikuta nyuma ya jengo nalia. Mjumbe mwingine hakuwepo, na mkuu wa chuo alishasema leo ndiyo mwisho wa kukaguliwa.

"Nyamaza mwanangu. Mzee anasema urudi ndani. Yeye atakaa nje ya dirisha, akikupa mgongo."

Mvua ilikuwa inanyesha, na ya Tukuyu mnaijua, hata barazani inakufuata. Mzee akavuta kiti barazani, akafungua mwavuli. Mimi ndani nikapaza sauti kama mhubiri wa mkutano wa injili.

Mwanafunzi akijibu kwa kunong'ona, nje inasikika: "Sauti! Huku hatusikii!"

Darasa likaangua kicheko. Watu waliokuwa mabubu tangu nianze kuwafundisha wakaanza kujibu kwa kushindana. Raha niliyoisikia siku ile, acheni tu.

Kipindi kilipoisha, mzee akamwambia katibu, kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie mwalimu huyo, sijamwona, ila nimemwelewa. Ndaga fijo."

Yaani asante sana. Nilicheka huku machozi yananitoka. Kazi nikapata.

Nilichojifunza: mila na kazi vinaweza kukaa nyumba moja, mradi mkubwa akubali kulowa kidogo.

Haya, na nyie wakwe zenu wamewahi kuwatendea nini? Mwageni hapa tucheke wote.