Ini Tulilowatupia Mbwa

Vurugu za baada ya uchaguzi zilipozidi, majirani zetu waliotoka upande wa Ziwa waliondoka mtaani kwetu Kimumu asubuhi moja, magodoro yakiwa juu ya pikapu. Mbwa wao wawili walibaki getini. Mama alisema mbwa hawapigi kura, akawaita kwetu.

Kuwalisha kulikuwa shida. Baba alipochinja kondoo na kukuta ini lina vifuko vya maji, hatukulila. Mama alilikatakata akawatupia. Tuliendelea hivyo miaka mingi. Alikuwa akiwapapasa mbwa wale huku wakimlamba mikono, kisha anainuka kwenda kukata mboga ya sukuma wiki.

Majirani hawakurudi. Nilikuwa nishaanza kufundisha shule ya msingi Mama alipolalamika kwamba sketi zinambana upande wa kulia, chini ya mbavu. Tulidhani ni vidonda vya tumbo. Tukampeleka hospitali ya misheni iliyoko Plateau, akapigwa picha ya tumbo. Daktari, mwanamke wa makamo, alituonyesha duara jeusi kwenye ini.

"Mama, nyumbani kuna mbwa?"

"Wapo."

"Huwa mnawapa maini na mapafu mabichi?"

"Yale yenye vifuko vya maji," Mama alisema, akinitazama mimi.

Daktari akaeleza polepole. Mbwa akila ini lenye vifuko vile, anapata minyoo midogo sana. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakashika kwenye manyoya, mikononi, kwenye mboga. Mtu akiyameza, kifuko humea ndani yake, na anaweza kukaa miaka bila kusikia chochote.

Mama alimeza vidonge kwanza, halafu akapasuliwa. Kilichotolewa kilikuwa kikubwa kama chungwa.

Baba alitaka mbwa wauawe.

"Wamekosa nini?" Mama aliuliza, mkono ukiwa juu ya kidonda. "Si ni sisi tuliowalisha?"

Baba akachimba shimo refu la kuzikia nyama mbovu. Mimi nikaanza kununua dawa ya minyoo ya mbwa kila baada ya miezi mitatu, na sabuni haikukosekana tena kando ya mfereji wa kunawia.

Kwenye harusi ya binamu yangu, mmoja wa wachinjaji alirusha ini lenye vifuko. Mama, katika nguo zake za sherehe, aliliwahi kabla ya mbwa. Watu wakacheka. Akainua blauzi kidogo, wakaona kovu. Ndipo akaomba jembe.