Koti la Baba na Chupa Tatu

Nilifua koti la baba. Afadhali mama angenitukana. Alikuwa amelazwa hospitalini wiki mbili, nami nikapanda Kuresoi kumsafishia nyumba. Koti nililikuta nyuma ya mlango, limejaa vumbi, miaka mitatu tangu tumzike mwenyewe. Nikaliloweka kwa sabuni ya unga. Mama aliporudi alilinusa, akalitundika tena, akaenda kuwasha moto. Wema wangu ulinitokea puani.

Na kazi yangu ni harufu! Huku Rhonda nachemsha majani kwa mvuke, nakinga mafuta yake, nawauzia watengenezaji wa manukato. Nikajiambia, kama kuna mtu wa kumrudishia mama harufu ile ya baba niliyoifua, ni mimi. Kiburi cha fundi hicho.

Nilimpelekea chupa tatu na karatasi za kunusia. Jeraniamu kwanza: tamu, kama waridi lililosuguliwa pamoja na jani bichi. Mama akacheka.

"Babako na maua, wapi na wapi?"

Mtarakwa ulikuwa mkavu, mzito, wa kukaa karatasini hadi kesho yake.

"Hii ni nguzo za boma."

Leleshwa, kile kichaka cha malishoni, niliiweka mwisho makusudi. Ni kali, inapanda kichwani kama kafuri, kisha inatulia na kuacha utamu wa nyasi kavu. Baba alichunga kondoo kwenye shamba kubwa upande wa Elementaita, na kila mwisho wa mwezi alikuja nyumbani na harufu hiyo. Niliidondosha kwenye karatasi, nikampa.

Mama alinusa mara mbili.

"Hii ndiyo nyinyi watoto mlikuwa mnakimbilia huko barabarani," alisema. "Babako alikuwa anaweka majani yake kwapani akianza safari, kama wachungaji wote, asiaibike kwa gari. Kesho yake asubuhi ilikuwa imeisha."

"Na ya baba uliyoijua wewe ilikuwa gani, mama?"

Alizifunga chupa zangu moja moja.

"Kondoo. Moshi. Jasho lake. Hiyo ndiyo ilibaki kwa koti."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniliza. Baba niliyemjua mimi ni yule aliyejipamba kuja kututembelea. Yule wa mama nilimsugua kwa mikono yangu mwenyewe, nikammwaga pamoja na maji.