Mkongojo wa Mama Mkwe

Mwalimu akionekana anachonga fimbo nyumbani kwake, hakuna mtoto atakayeamini kwamba ni za wazee. Miaka ya tisini, Jumamosi zangu pale Mumbuni zilikwenda hivyo: mimi kwenye kigoda na tupa na msasa, kijiti cha mpera kati ya magoti, na watoto wa majirani wakizunguka mbali ili wafike dukani bila kupita kwangu. Nilichonga mikongojo kwa sababu niliipenda kazi hiyo, basi. Mke wangu aliiita ugonjwa wa wikendi.

Kisha mama yake, huko Katelembo, akateleza akitoka kisimani na kuumia nyonga. Alipona, lakini miguu ikapoteza imani. Mama ambaye hata mvua haikumzuia kwenda kanisani sasa alishinda kwenye kiti mlangoni, akigombana na kuku. Jambo hilo liliniuma. Nilimpenda mama yule, ingawa sikuwa nimewahi kumkaribia.

Kwetu Ukambani kuna nthoni, ile heshima baina ya mwanamume na mama mkwe wake. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hamsemezani ana kwa ana, na mkikutana njiani kila mmoja anajitoa upande wake. Sasa, mkongojo hupimwa mtu akiwa amesimama wima na viatu vyake, kuanzia kifundo cha mkono hadi chini. Ningempimaje mtu ambaye kumtazama tu ni utovu wa adabu?

Nikamtuma mke wangu na uzi. Akarudi nao haujafunguliwa.

"Amekataa," akasema. "Anasema mtu hupimwa akishakufa, na yeye bado."

Ikabidi nikadirie kwa macho, tena macho ya kuibia. Mkongojo wa kwanza ulizidi urefu, ukawa wa kuangulia maparachichi. Wa pili niliupunguza kwa hasira, ukaishia kufunga mlango wa kibanda cha kuku. Mke wangu aliniletea habari hizo kwa furaha nyingi mno. Mama akabaki kitini.

Siku moja ya likizo nilikuwa nikienda kwao, begani nimebeba kijiti kipya, kirefu, ambacho sikuwa nimekikata wala kukitia kichwa. Kwenye kona, kati ya nyua za mkonge, tukakutana mimi na mama uso kwa uso. Alikuwa amechoshwa na kile kiti akaamua kuijaribu miguu bila kumwambia mtu. Nikaruka kushoto, kama inavyotakiwa. Naye, kwa adabu zake zote, akajaribu kujitoa kulia. Nyonga ikakataa. Akaketi mtaroni, kwenye matope.

Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu, ila mbuzi aliyefungwa kando ya njia. Kumshika mama siwezi, kumwacha siwezi. Nikampa mgongo, nikapitisha ncha ya kijiti nyuma yangu. Nilipohisi kimeshikwa, nikavuta.

"Wewe mbuzi," sauti ikasema nyuma yangu, "ambia huyo mtu mimi si ng'ombe. Avute pole pole."

"Mbuzi," nikajibu, jasho likinitoka, "mwambie mama anisamehe."

Akasimama. Akapumua kidogo, akiwa ameegemea kijiti changu.

"Mbuzi, ambia yeye akate hapa," akasema, nikasikia kiganja kikipiga mti. "Na chini aweke raba. Mimi sitaki kuteleza tena."

Tukarudi nyumbani vivyo hivyo, mimi mbele, yeye nyuma, kijiti katikati. Mbuzi tulimwacha alipofungwa, kwa hiyo njia nzima hatukuweza kusema neno.

Kiganja chake kiliacha alama ya matope kwenye kijiti. Sikuifuta mpaka nilipokuwa na msumeno mkononi. Nikakata hapo, nikapachika kichwa, na chini nikapigilia raba ya akala kuukuu, kiatu cha tairi. Kisha nikampa mke wangu mkongojo aupeleke, nami nikakaa kungoja habari za maparachichi.

Hazikuja. Jumapili iliyofuata nilikuwa nje ya kanisa lao, nikiegemeza baiskeli yangu ukutani, niliposikia kishindo kidogo cha raba kwenye udongo mkavu. Alikuwa anakuja kwa miguu yake, polepole, amejifunga kitambaa chake kizuri kichwani. Nikageukia ukuta haraka. Kishindo kikafika nyuma yangu, kikasimama. Wamama waliokuwa wakiongea mlangoni wakageuka kututazama.

Mama akatafuta mbuzi. Hakumwona.

"Baiskeli," akasema, "ambia huyo mtu hii iko sawa."

Nikaunyoosha mkono kwenye usukani. Nikapiga kengele.