Nilisaga code mbele ya mashahidi wawili, Katoro

Wakuu, mwangaluka kutoka Katoro. Haya yamenikuta mwenyewe, na aibu bado ninayo.

Kuna mzee huku, Baba Kulwa, ana karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alinipa kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo: programu ya kupanga zamu za wenye mawe. Nikaiandika kwa Python.

Wiki haijaisha, karani wake akafungua file la code kwenye laptop ya ofisi, akaongeza mstari: shemeji yake awe wa kwanza kila siku. Watu nusura wazichape.

Baba Kulwa akaniita. "Hii programu isiguswe na mtu. La sivyo narudi kwenye daftari, na wewe urudi kwenu Tinde."

Nikamwambia dawa yake ni kucompile. Code inageuzwa bytecode: mashine inaielewa, ila mtu akiifungua anaona vurugu tupu.

"Kumbe unaisaga," akasema. Nikaitikia. Kosa la kwanza hilo.

Kwenye karasha, mwenye jiwe hukaa pale pale mpaka lisagwe lote, asiibiwe. Kesho yake mzee kaja na kiti, na mashahidi wawili: mkewe Mama Kulwa, na mlinzi.

Nikabonyeza. Sekunde moja, tayari.

"Umesaga nini hapo? Unanifanya mtoto?" Mzee wa watu kachukia kwelikweli!

Nikaona kazi inaota mbawa. Nikajifanya nimekosea, nikachomeka mistari miwili juu ya code: andika INASAGA, subiri nusu saa. Nikaicompile kwa kuimport, maana hapo Python inatengeneza bytecode na kuiendesha papo hapo. Wakatulia nusu saa nzima, Mama Kulwa anamenya karanga.

Ilipoisha, mzee akadai karasha lioshwe, kama wafanyavyo mawe yakishasagwa, lisibaki na vumbi la dhahabu. Yaani nifute source yote, ile code ya asili inayosomeka, hata kwangu kusibaki kitu. Nikafuta mbele yao.

Asubuhi karani anafungua programu: INASAGA. Nusu saa! Foleni imefika barabarani. Uongo wangu umo ndani ya bytecode, na source sina.

Nililia, wakuu. Nikaiandika upya, siku tisa. Ikafunguka chap. Mzee kaitazama, kaisukuma pembeni.

"Hii haijasagwa."

Kwa hiyo kila asubuhi inafunguliwa ile ya zamani, tunakaa nusu saa, na mimi sasa ni shahidi wa tatu. Source usifute hata ukishikiwa panga, na mteja usimdanganye kwa code.

Nani mwingine anaishi na kosa lake namna hii? Semeni tu, bado nina dakika ishirini na mbili za kusoma.