Watu Wameandamana

Juzi tramu ilisimama katikati ya Toronto, dereva akatuambia tushuke kwa sababu ya maandamano. Nikajikuta nimenyoosha mkono kumtafuta mama, kama mtoto.

Mchana mmoja wa utotoni, hapa hapa Toronto, tulikwamishwa vivyo hivyo, naye alikuwa kando yangu. Ngoma zilidunda mbele yetu, farasi wa polisi walinuka jasho, na mama alimwambia baba kwenye simu, "Watu wameandamana huku, hapapitiki."

Mimi nilijua kinachoandama ni mwezi, usiku wa kuamkia Idi. Nikauliza, "Mama, kesho Idi?"

Alinikumbatia kwa nguvu, nikausikia moyo wake ukienda mbio kuliko zile ngoma.

Ukubwani ndipo nilipoambiwa habari za kaka yake, aliyeaga kule nyumbani tulikotoka kwamba anakwenda kwenye maandamano, asirudi. Mchana ule nilidhani mama anaifurahia Idi.