Nilichogonga kwenye Kikombe

Nisiwafiche, kozi ya simu za reli ilitaka kunitoa roho. Kutuma ujumbe kwa kugonga nukta na vistari niliweza. Kuupokea, herufi zilinipita kama gari moshi. Mwalimu akaniambia, "Usikate tamaa. Gonga kila unachowaza, popote ulipo." Na kweli, kugonga kulinituliza moyo. Niligonga ukutani, kwenye sufuria, hata kanisani.

Jumapili, mwanafunzi mwenzangu Hamisi akanialika chai kwao Makongeni. Mama yake alituandalia mahamri. Nikauma moja, likagoma.

"Matamu kweli, mama!" nikasema, huku kijiko changu kikigonga kikombe: MAGUMU KAMA CHUMA CHA RELI.

Hamisi akabana kicheko. Mama akafurahi, akaniongezea mawili.

Baba yake, mzee mkimya aliyestaafu kazi ya reli, akaacha kukoroga chai. Akaanza kugonga sahani kwa kijiko, polepole, kama anayemgongea mwanagenzi. Nikatega sikio. Kwa mara ya kwanza tangu kozi ianze, nilipokea ujumbe mzima bila kukosa herufi hata moja:

VUMILIA MWANANGU. MIMI NAYALA TANGU HARUSI.